Mshauri ananiuliza "ni upande gani wako unaosema hivyo?" Mwenye baridi yabisi aliyepitia tiba hii anieleze

FundiMajengo

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Majengo, Pumwani, umri wangu 49. Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kula viungo, si ile ya uzee. Ilianza 2020 kwenye vidole vya mkono wa kulia nikadhani ni mkasi. Zahanati ya kwanza walinipa vidonge vya maumivu na kuniambia nipunguze nyama. Mwaka mzima ukapita hivyo, ndiyo maana kidole changu cha shahada kimepinda na hakirudi. Daktari wa viungo aliponieleza 2021 kwamba askari wa mwili wangu mwenyewe ndio wanaonishambulia, nilicheka. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo.

Dawa natumia. Methotreksati kila Alhamisi, mara moja kwa wiki, na asidi ya foliki siku nyingine. Nashukuru Mungu. Zamani nilikuwa nakakamaa mpaka saa nne asubuhi, binti yangu ndiye ananifunga vifungo. Siku hizi saa mbili nimeshalegea.

Taabu yangu ni nyingine. Ikifika Januari, sare za shule zinaingia, mimi nashona mpaka saa nane za usiku. Kaki, kola, vitundu vya vifungo, hata vidole vikiwa kama ndizi. Nikimaliza naanguka wiki mbili. Na kuna Alhamisi naruka dawa makusudi, maana Ijumaa inanipa kichefuchefu na siwezi kukaa kwenye mashine. Daktari alihesabu vidonge vyangu akaona haviendi sawa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, nani anakuambia uendelee?" Sikuwa na jibu, akaniandikia karatasi niende kwa mshauri nasaha.

Nimekwenda vikao vinne. Chumba kiko juu ya duka la vipuri vya magari, shilingi 800 kila kikao. Nilitarajia kuambiwa nisamehe watu na nipunguze mawazo, kama kawaida. Wapi! Niliposema "mimi siwezi kukataa kazi," akauliza: ni wewe mzima usiyeweza, au kuna upande wako usioweza? Nikanyamaza. Akauliza tena: upande huo uko wapi mwilini? Nikaona huyu mama hazimtoshi. Lakini mkono ulishajibu kabla yangu. Nilikuwa nimejishika hapa, kati ya shingo na bega la kulia, pale ninapojikunja nikishona. Pamekaza kama uzi ulioingia vibaya kwenye bobini.

Akaniambia nisipasugue wala nisipafukuze, nipaulize tu panataka nini. Wallahi jibu lilikuja. Si kwa sikio. Lilikuja kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni siku nyingi akingoja kukaribishwa: "Jikaze." Basi nikampa jina, Bi Jikaze. Namwona ni mwanamke mwembamba wa rika la mama yangu, kajifunga leso kiunoni, hakai chini hata ukimpa kiti.

Nilimhadithia shangazi yangu. Akasema huyo ni pepo, na ametaja jina lake mwenyewe, sasa aulizwe anataka nini, atengenezewe mambo yake aniache. Sisi watoto wa Majengo tumekua tukizisikia ngoma hizo, si habari ngeni. Rafiki yangu wa kanisani naye akasema ni pepo, ila dawa yake ni maombi ya usiku. Wote wawili wamekubaliana kwa mara ya kwanza tangu niwajue.

Kilichonileta hapa ni kikao cha nne. Aliniuliza Bi Jikaze aliajiriwa lini. Nikauona moto wa soko la Gikomba, ule wa Juni 2018, nilikuwa na kibanda huko. Nikafunga mdomo. Vidole vikaanza kuwaka palepale kitini, na siku mbili zilizofuata vilivimba nikashindwa kushika mkasi. Sasa naogopa kurudi. Je, hii ni tiba kweli? Yupo aliyesaidiwa viungo, si mawazo tu? Na inawezekana mazungumzo yakavimbisha mkono?

MwalimuWaKayole

Pole sana dada. Mimi ni mwalimu, baridi yabisi hiyohiyo, mwaka wa tisa. Chaki ndiyo ilinifichua, ilikuwa inaniponyoka mbele ya darasa la sita na watoto wanacheka.

Yangu haikuwa ya kuzungumza na sehemu. Ilikuwa ya mwili. Nilipata ajali ya basi barabara ya Mombasa, na baada ya hapo nikipanda matatu nashika kiti cha mbele kwa nguvu mpaka nikishuka vidole havifunguki. Unajua kushika kwa nguvu kunafanya nini kwa viungo kama vyetu. Yule bwana hakuniuliza habari za ajali kwa wiki tatu nzima. Aliniuliza nasikia nini nyayoni. Kiti kimenibeba wapi. Nitazame chumba polepole, nimtajie vitu vitatu vya rangi ya buluu. Nikaona ni mchezo wa chekechea. Baadaye ndiyo akaanza: nikumbuke steji tu, bado basi halijaja. Mikono ikianza kukaza, narudi nyayoni. Halafu nikumbuke kupanda. Narudi. Mwisho wake, siku moja nikajikuta nimefika Kayole mikono iko mapajani, na sikumbuki ililegea wapi. Ugonjwa ninao vilevile. Lakini sikikamatii tena kiti mara mbili kwa siku, na viganja vimepumzika.

Swali moja, na usiudhike: wiki ile ya kikao cha nne, Alhamisi ulimeza?

Na mkasi wa kawaida wewe usiutumie. Kuna ile yenye springi, inajifungua yenyewe, kidole gumba hakifanyi kazi mara mbili.

JuaKali_71

Nitasema ambalo hamtaki kusikia. Dada yangu alikuwa na lupasi, ambayo nayo ni kinga ya mwili kumgeuka mwenyewe. Akapata mtu wa kumwambia kwamba uchungu alioufungia moyoni ukitoka, ugonjwa utatoka nao. Akalia, akasamehe baba, akaandika barua akazichoma. Na dawa akaacha, kwa sababu alijisikia mwepesi. Miezi mitano baadaye figo. Leo anasafishwa damu mara mbili kwa wiki.

Kwa hivyo mtu akianza "upande wako uko wapi mwilini" mimi nauliza kwanza: amekuambia nini kuhusu dawa? Vikao kumi kwa 800 ni elfu nane. Elfu nane ni vipimo vya damu na nauli inabaki. Mama, meza dawa.

Nasaha_Eastlands

Shikamoo mama. Mimi ni mshauri nasaha, kwa hiyo mnisome mkijua ninakula kwenye kazi hii.

Nianze na JuaKali_71, pole kwa dada. Uko sahihi, na swali lako ndilo langu la kwanza pia. Mshauri yeyote anayegusia kwamba dawa za viungo zinaweza kungoja mpaka moyo upone, ondoka na usirudi hata kuchukua mwavuli.

Sasa mama. Anachofanya mwenzangu nakitambua. Kimetoka kwa Richard Schwartz, Mmarekani aliyekuwa akitibu familia huko Chicago miaka ya 1980. Alikuwa na wagonjwa waliokuwa wakila kupita kiasi na kujitapisha, akawasikia wakisema mambo yanayofanana: kuna upande unanisuta, kuna upande unakula ili nisiusikie huo wa kwanza, na chini yao kuna mtoto. Yeye alizoea kukaa na baba, mama na watoto wanaogombana. Akauona ugomvi wa nyumba nzima ndani ya mtu mmoja. Akawagawa: mameneja, wanaopanga ili baya lisitokee, wazimamoto, wanaokurupuka likishatokea na hawajali wanavunja nini, na waliofungiwa ndani, ndio wenye maumivu yenyewe. Nisamehe kwa neno wazimamoto, mama, ndilo alilolitumia. Na nyuma yao yupo mwenye nyumba, nafsi yako, anayeweza kukaa na kila mmoja bila kumtimua.

Sisi tulikuwa tukisema hivi kabla ya vyuo. Moyo umekubali, miguu imekataa. Nafsi inanisuta. Hatumwiti mtu mgonjwa kwa kusema hivyo.

Kuhusu shangazi, sitamcheka. Kuuliza jina, kuuliza anataka nini, hilo wanafanana. Lakini pepo hutoka nje, na kazi ni kumridhisha au kumwondoa. Bi Jikaze ni wewe. Akiondoka, nani atakuamsha asubuhi? Yeye anaombwa apunguze saa za kazi.

Umeuliza viungo. Upo utafiti wa ugonjwa wako hasa, umefanyika Boston na kuchapishwa 2013. Wagonjwa 79 wa baridi yabisi waligawanywa kwa kura: 39 wakapata tiba hii ya Schwartz kwa miezi 9, wengine 40 wakapata elimu juu ya ugonjwa. Wale wa kwanza maumivu yalipungua na mwili ukafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, wenyewe bado walisema viungo vinauma kidogo kuliko zamani, huzuni imepungua, na hawajitesi kama walivyokuwa. Lakini ukali wa ugonjwa, ule daktari anaoupima kwa kuhesabu viungo vilivyovimba na kutazama damu, hakukuwa na nafuu iliyodumu. Watu 79 ni darasa moja tu la Mwalimu wetu hapo juu, usijenge nyumba juu yake. Mimi nakisoma hivi: kwako wewe, faida kubwa itakuwa ni Alhamisi usizoruka na usiku unaolala.

Kuhusu vidole kuwaka kitini, hilo hutokea. Hofu ikipanda misuli hukaza, moyo huenda mbio, na ubongo huongeza sauti ya maumivu ambayo tayari yapo. Ni kama soja wa ploti iliyoibiwa mara moja, kila paka akiruka ukuta anapiga filimbi. Kwa kawaida hutulia ndani ya saa chache. Uvimbe wa siku mbili ni jambo jingine, usiuache kwa mshauri, mpelekee daktari. Na ujibu swali la Mwalimu.

Nadhani pia, kwa heshima, mwenzangu alienda kasi. Kwa utaratibu wa Schwartz mwenyewe huingii kwa aliyefungiwa ndani kabla meneja hajatoa ruhusa. Uliulizwa Bi Jikaze aliajiriwa lini, moto ukatokea, na hakuna aliyemuuliza yeye kama anakubali uutazame. Basi akafunga mlango kwa njia anayoijua. Ukirudi, mwambie mshauri hivyo. Kama ana akili atafurahi.

Na omba jambo alilofanyiwa Mwalimu, kwenda na kurudi. Mmarekani mwingine, Peter Levine, alianza kulifundisha miaka ya 1970. Unagusa ukingo wa jambo, unarudi kwenye sehemu ya mwili iliyo shwari, unagusa tena. Wagonjwa wa viungo huniambia hawana sehemu iliyo shwari. Tunatafuta. Kuna aliyepata ndewe za masikio, basi. Tulianzia kwenye ndewe.

Ikiwa 800 ni nzito, uliza kituo cha afya kilicho karibu kuhusu mpango wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani, ambao huendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii. Ulijaribiwa hapahapa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, na matokeo yaliyotoka 2017 yalikuwa mazuri kuliko ushauri wa kawaida wa kliniki. Hauhusu sehemu za ndani, ila unafundisha kupumua na kupanga matatizo, na si mdogo. Na mshauri yeyote unayemlipa, muulize kama amesajiliwa. Sheria ya kazi yetu ipo tangu 2014.

FundiMajengo

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, binti yangu anasikiliza.

Mwalimu, umenikamata. Nilitoa kisanduku nikahesabu. Sikumeza Alhamisi hiyo, wala ya kabla yake. Kulikuwa na gauni sita za harusi za South B na bibi harusi alikuwa akipiga simu kila saa. Kwa hiyo nilikuwa wiki mbili bila dawa na nikalaumu mazungumzo.

JuaKali, pole kwa dada yako. Huyu mama hajawahi kuniambia niache. Kila kikao huanza kwa kuuliza nimemeza lini, na mara ya nne nilimdanganya.

Sasa niseme, maana hapa hamnijui uso. Usiku ule wa moto nilipigiwa simu kama saa tisa kasoro. Nilitoka Majengo mbio, nguo ya kulalia na buibui juu. Kibanda kilikuwa hakijashika bado. Ile cherehani nilikuwa nimemaliza kuilipa mwezi wa nne, nikafungua skrubu, nikabeba kichwa chake kifuani na kuacha meza. Nikiwa natoka nikasikia mabati yakigongwa nyuma yangu, upande wa vyumba vya kukaa watu. Mabati hulia yakipata moto, kila mtu wa Gikomba anajua, yanatoa mlio kama mtu anapiga. Nikajiambia ni moto. Sikugeuka. Kulipokucha wakasema wamekufa watu, mwisho hesabu ikafika 15.

Mpaka leo sijui yalikuwa mabati au mtu. Na mashine niliyoibeba ndiyo hii ninayoshonea. Mikono ilipoanza kuvimba mwaka wa pili yake sikushangaa hata kidogo. Nilijua inalipa. Hilo sijamwambia daktari, wala mshauri, wala mume wangu alipokuwa hai. Nikiruka dawa, kuna mtu humu ndani anayesema wacha ikuume, ni haki yako. Huyo si Bi Jikaze. Bi Jikaze anamfanyia kelele za mashine ili nisimsikie.

Jana usiku nilijaribu ile ya kutafuta sehemu shwari. Masikio yangu yana vipuli, hayafai. Nimepata kisigino cha kushoto, kile kisicho cha kanyagio. Nimekaa nacho dakika kama tano, chetezo cha udi kikiwaka. Hakikuwa na neno lolote.

Swali la mwisho: huo mkasi wa springi unauzwa wapi?

Nasaha_Eastlands

Mama, ahsante kwa kutuamini. Hili moja nikujibu hapa, mengine yana chumba chake. Baridi yabisi huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Huja kwa urithi wa damu, sigara huichochea, na mengine madaktari bado wanayafuatilia. Inaingia kwa wanawake ambao hawajawahi kuona moto ila wa jiko. Kuna uchunguzi wa California wa 1998, zaidi ya watu 9,500, ulioonyesha kwamba waliopata mateso mengi utotoni huugua zaidi ukubwani, na watu huusoma wakajihukumu nao. Ni habari ya umati. Haiwezi kumwambia mtu mmoja kwa nini kidole chake kimevimba, sembuse kumwambia anastahili.

Peleka maneno yale uliyoandika kuhusu anayesema "wacha ikuume" kama yalivyo, yasome kutoka kwenye simu ukishindwa kusema. Usianze na mabati. Anza na kisigino.

FundiMajengo

Nimeweka miadi Jumanne. Na leo ni Alhamisi, nimemeza, binti ameshuhudia. Gauni la kesho nimelipeleka kwa fundi mwenzangu, tutagawana.

JuaKali_71

Mkasi huo Mtaa wa Biashara unao, lakini mingi ni ya kukatia maua, springi laini, ukiweka kaki mara mbili inateleza. Mimi niko Kamukunji, kazi yangu ni vyuma. Lete mkasi wako uliouzoea, usilete mpya. Nitakutilia springi ya bapa kati ya mipini na kupanua tundu la gumba, nilizungushie mpira wa tyubu. Nusu saa. Na ulete kipande cha kaki tujaribu.